Mlango Unaofungukia Ndani

Jilala aliacha kazi ya mawe siku aliposhindwa kumaliza sahani ya ugali kwa kukosa pumzi. Alikuwa ameponda mawe ya dhahabu kwa miaka mingi huko Kewanja, kwenye karasha, mashine ya kusaga mawe, la mtu binafsi lililojengewa mabati pande zote, akiwa amejifunga fulana usoni tu. Vumbi lile jeupe lilikuwa limekaa kifuani na halikutaka kutoka. Daktari alimwonyesha picha ya mapafu yake. Jilala aliitazama kwa muda mrefu, akasema inafanana na ukuta uliopigwa lipu na fundi mlevi. Daktari hakucheka. Alimwambia mapafu hayo hayatapona, na kwamba kuanzia siku hiyo asifanye kazi ya nguvu, na asikimbie hata kama ananyeshewa.

Yeye na mkewe, Ng'washi, walikuwa Wasukuma wa Kishapu. Walikuja Tarime wakiwa vijana, kufuata dhahabu kama wengine wengi, wakapata mtoto mmoja, Theodora, ambaye sasa ameolewa Kahama. Dhahabu haikuwatajirisha, ila iliwapa kiwanja kidogo kwenye mgongo wa kilima, juu ya Nyamwaga. Aliyewauzia alikuwa mama mmoja mjane wa Kikurya aitwaye Ghati, ambaye migomba yake ilipakana nao. Ghati hakuwaficha kitu.

"Ardhi ni nzuri," aliwaambia. "Maji yapo kule chini. Ila hapa kuna upepo. Msije mkasema sikuwaambia."

Upepo wenyewe ulianza jua likishavuka katikati. Ulipanda kutoka bondeni ukiwa na vumbi, ukachanachana majani ya migomba ya Ghati, kisha ukafika kwao bila kukutana na kizuizi chochote. Msimu wa kwanza nyanya zao zililala chini zikiwa na maua. Msimu wa pili zilisimama vizuri, halafu mvua ya mawe ikazipiga alasiri moja, zikabaki vijiti. Ng'washi akasema waachane na nyanya, wapande mihogo.

"Mihogo inataka jembe," Jilala akasema. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake mlangoni. Siku hizo alizungumza kidogo kidogo, akipumzika katikati ya maneno. "Mimi nataka kazi ya kumwagilia. Kufunga kamba. Kuchuma. Kazi ya mtu aliyekaa."

Alitaka kitalu nyumba. Alikuwa ameona picha kwenye simu, nyanya zimepanda juu kama mizabibu chini ya paa la kupitisha mwanga, na nje upepo unapiga bure.

Kabla ya kununua walikwenda Itiryo kwa mzee Nashoni, dereva mstaafu aliyekuwa na kitalu cha nailoni kilichosifiwa sana wakati kilipojengwa. Walikuta nguzo za miti zimesimama peke yake kama zizi lisilo na ng'ombe. Vipande vya nailoni vilikuwa vimenasa kwenye miiba ya uzio.

"Shikamoo, baba," Ng'washi akasalimia.

"Marahaba. Mmekuja kutoa pole?" Nashoni akazionyesha zile nguzo kwa kidevu. "Marehemu ndiye huyo."

Jilala alimwomba awaeleze ilivyokuwa. Mzee alikaa kwanza, kama mtu ambaye hadithi yenyewe bado inamchosha.

"Watu wanadhani upepo unasukuma," alisema. "Hausukumi. Mimi niliacha mlango wazi kwa sababu ya joto. Upepo ukaingia, ukajaa humo ndani kama pumzi kwenye puto, halafu ukanyanyua. Nilikuwa nimesimama palepale ulipo wewe. Nikaona nailoni inaondoka, nikabaki naangaliana na pilipili hoho zangu."

"Ungejenga tena," Jilala akauliza, "ungejengaje?"

"Nisingejenga." Nashoni akazitazama tena zile nguzo, akabadili mawazo. "Ningejenga kidogo. Kifupi. Kitu kigumu, si nailoni. Na wingu likikaa vibaya ningefunga mlango kabla ya jambo lingine lolote. Hata kama mtoto analia. Mlango ukifungwa upepo unapita juu. Ukiachwa wazi, huna kitu."

Wiki iliyofuata walishuka Sirari, kwenye duka la vifaa vya ujenzi la kijana mmoja, Emanueli, aliyezungumza Kiswahili cha ng'ambo ya pili ya mpaka. Alikuwa na vitalu viwili walivyoweza kuvimudu, ila walichokuwa nacho mfukoni kilitosha kwa kimoja tu. Cha kwanza kilikuwa kikubwa, kirefu kama chumba cha darasa, cha shiti nyembamba za plastiki. Cha pili kilikuwa kidogo, mtu akisimama katikati na kunyoosha mikono anakaribia kugusa pande zote mbili. Hicho kilikuwa cha polikaboneti, plastiki ngumu na nene. Emanueli akawapa kipande wakishike. Ukingoni kilionekana kina vyumba vyumba, kama ubavu wa boksi lililokatwa kwa kisu. Mwanga ulipita, lakini sura ya mtu haikupita. Ng'washi alikiweka mbele ya macho akamtazama mumewe, akaona rangi tu ya sweta lake jekundu.

"Hii kubwa unapata nafasi, mathe," Emanueli akasema. "Lakini sitakudanganya. Kwa upepo, hizi nyembamba zinaanza kupasuka penye skrubu, halafu zinaenda moja moja. Hii ndogo itakaa."

"Tunachukua kikubwa," Ng'washi akasema. "Fundi atakifunga vizuri. Kidogo hiki tutauza nini? Ndoo mbili za nyanya?"

Jilala alimwomba Emanueli amwonyeshe kile kidogo kilichokuwa kimesimamishwa nyuma ya duka, akamwambia mkewe aingie.

"Inua mkono. Dirisha la juu unalifikia?"

"Nalifikia."

"Lifunge. Sasa beba ndoo ile, pita nayo mlangoni. Huigongi?"

"Siigongi. Kwani wewe hutapita?"

"Chuchumaa. Ukitaka kufunga shina la mwisho kule kwenye kona, unafika bila kumwita mtu?"

Hapo Ng'washi akaelewa. Aliweka ndoo chini, akatoka nje ya duka, akasimama barabarani kwenye vumbi la malori. Jilala alimfuata polepole. Ilimchukua muda kufika.

"Unaninunulia nyumba ya ujane," Ng'washi akamwambia.

"Nanunua kitu kitakachokaa kwenye upepo."

"Usinidanganye. Umenipima mimi, hujajipima wewe. Mimi nataka kile kikubwa. Nataka kazi ya watu wawili."

Jilala alimshika kiwiko. Alitaka kusema jambo refu na pumzi haikutosha, akasema fupi.

"Mama Theodora. Mimi si wa kikubwa."

Ng'washi alilia palepale, watu wakipita na mizigo yao. Kisha akafuta uso kwa kanga, wakarudi ndani wakalipia kidogo.

Fundi Athanas wa Nyamwaga ndiye aliyekijenga. Alichimba mashimo kwenye kona akamimina zege, akasimika vyuma humo, akafunga kila shiti kwa skrubu zenye vifuniko vipana vya mpira. Jilala alikaa kwenye kiti akiangalia kila skrubu. Mlango waliuweka upande unaoupa upepo mgongo. Athanas akashauri ufungukie ndani, kwa kuwa mlango wa kufungukia nje ukinyakuliwa na upepo unang'oka na bawaba zake. Wakakubali. Kwa nje aliweka komeo na kufuli. Komeo la ndani alisema atalileta siku nyingine, kwani nani atajifungia ndani na nyanya?

Miezi michache iliyofuata ilikuwa mizuri kuliko walivyotarajia. Hewa ya mle ndani ilikuwa ya joto na yenye unyevu, na kifua cha Jilala kilitulia kidogo. Akahamishia kiti chake huko. Asubuhi Ng'washi alileta maji, na mchana kutwa Jilala alifunga kamba, alipogoa, aliondoa majani ya manjano. Maua yalipotoka, Ghati alikuja kuangalia akamkuta anapiga kila kikonyo kwa kidole, taratibu, kama anayebisha hodi.

"Unayafanyia nini?" Ghati akauliza.

"Humu upepo hauingii wa kuyatikisa. Nisipoyatikisa mimi, hayazai."

"Basi wewe ndiye upepo," Ghati akasema, wakacheka, na kicheko kikamtia Jilala kikohozi kilichomchukua muda mrefu kuacha.

Mvua za masika zilikuwa zimeanza. Siku hiyo asubuhi kulikuwa na jua kali, Jilala akaacha mlango wazi ili joto lipungue, kisha baada ya chakula akabaki nyumbani kujinyoosha kidogo. Ng'washi aliteremka kisimani. Alikuwa bado anachota wakati wingu lilipotokea nyuma ya kilima, jeusi kwa chini na la kijani kwa pembeni, na upepo ukabadilika. Kwa mara ya kwanza haukutoka bondeni. Ulitoka upande wa pili, upande wa mlango.

Ghati ndiye aliyeona kilichotokea baadaye, kutoka kwenye migomba yake. Alimwona Jilala anatoka nyumbani, anaangalia juu. Kisha akamwona anakimbia. Mtu yule ambaye kutoka nyumbani hadi kitaluni alikuwa anapumzika njiani alipandisha mteremko mbio, mkono kifuani, akauvuta mlango kwa nje, upepo ukamnyang'anya, akaingia, na mlango ukafungwa. Ghati alitaka kwenda. Mawe ya kwanza yakaanguka, makubwa kama kokwa za parachichi, akakimbilia ndani kwake.

Ng'washi aliacha ndoo, akajifunika beseni kichwani, akapanda. Mawe yalipiga beseni hadi likapasuka ukingo, yakampiga mabega na vidole. Alipofika juu aliona kitalu kimesimama. Kilikuwa kinatetemeka, lakini kimesimama. Na ndani yake, chini, nyuma ya mlango, aliona ile rangi nyekundu.

Alisukuma mlango. Haukufunguka.

"Baba Theodora! Nifungulie!"

Mawe juu ya zile shiti yalikuwa yanatoa kelele ambayo hajawahi kuisikia, kama makarasha yote ya Kewanja yamewashwa kwa pamoja. Hakuisikia hata sauti yake mwenyewe. Akasukuma tena kwa mikono miwili. Mlango ulifunguka kiasi cha kupitisha vidole, halafu ukarudi kwa nguvu ukafunga. Aliona ile rangi nyekundu ikijikusanya. Jilala alikuwa amekaa chini, mgongo kwenye mlango, miguu ameikaza kwenye tofali la tuta.

Ng'washi alidhani ameanguka, na mwili wake ndio unaozuia. Akaogopa. Akaweka bega, akasukuma kwa nguvu zake zote, akilia, akiita jina la mumewe, lile la utotoni ambalo hakuwa amelitumia tangu wahame Kishapu. Mlango uliingia, ukarudi. Uliingia, ukarudi. Kila alipousukuma, kule ndani ulirudishwa, na kila mara ulirudishwa kwa nguvu kidogo zaidi kuliko alivyodhani mtu yule bado anazo. Mwishowe mikono yake ikafa ganzi. Akachuchumaa chini ya ukuta, beseni kichwani, akangoja.

Mawe yaliacha ghafla. Upepo nao ukashuka. Ng'washi akausukuma mlango kwa kiganja kimoja na ukafunguka, kwa sababu Jilala alikuwa amelalia ubavu. Midomo yake ilikuwa imegeuka rangi. Macho yalikuwa wazi, na yalipomwona yalifurahi.

"Umenyeshewa," akasema.

"Nyamaza. Usiseme. Naita watu."

"Ngoja." Alivuta pumzi ndogo, na nyingine. "Umeona? Kimekaa."

"Nimeona."

"Ulikuja mlangoni. Huo upepo. Ulisukuma... ulisukuma sana. Kama mtu." Alitabasamu, na meno yake yalikuwa na udongo. "Nikakataa. Nimeushinda, mama Theodora."

Ng'washi alikuwa amempakata kichwa. Bega lake la kulia lilikuwa linauma pale alipousukumia mlango. Alifungua mdomo, na kwa muda mfupi neno lilikuwa pale, tayari. Akalimeza.

"Umeushinda," akamwambia.

Ghati alikuja na vijana wawili wa jirani, wakambeba kwa blanketi hadi barabarani, wakapata pikipiki. Barabara ilikuwa tope tupu. Dereva aliendesha kwa miguu chini, Jilala katikati, Ng'washi nyuma akimshikilia. Kwenye kijito walilazimika kushuka ili pikipiki ivuke, na walipotaka kumpandisha tena waligundua kwamba hakuna tena wa kumpandisha. Nyamwaga ilikuwa inaonekana, na mabati ya hospitali yaling'aa kwa mvua.

Ngeleja, kaka mkubwa wa marehemu, alikuja na gari kumchukua ndugu yake akazikwe Kishapu. Ng'washi hakubisha. Matanga yalijaa watu ambao wengi walimjua Jilala akiwa kijana tu, na kila aliyefika alitaka kusikia alivyokufa. Ng'washi alishindwa kusimulia, Ngeleja akasimulia kwa niaba yake, kutokana na maneno machache aliyoyapata.

"Ndugu yangu alikuwa na kifua kibovu," aliwaambia waombolezaji. "Lakini upepo ulipokuja kuchukua mali yake alikaa mlangoni peke yake. Ukasukuma, akakataa. Ukasukuma, akakataa. Shemeji huyu hapa ni shahidi. Alikufa ameushinda."

Wazee walitikisa vichwa kwa heshima. Wanawake walimshika Ng'washi mkono wakamwambia alikuwa na mume. Theodora, aliyekuwa amekaa karibu naye kwenye mkeka, alimnong'oneza, "Mama, baba alikuwa shujaa." Ng'washi alisema ndiyo. Alisema ndiyo kwa kila mtu, siku zote za msiba, na usiku alilala upande wa kushoto kwa sababu bega la kulia halikukubali kulaliwa.

Baada ya wiki kadhaa walimtaka abaki Kishapu. Alikataa, akapanda basi kurudi Tarime.

Alikuta kilima chote ni kijani. Mvua ilikuwa imenyesha karibu kila siku tangu aondoke, mahindi ya Ghati yalikuwa yamempita mtu kimo, na magugu yalikuwa yamefunika njia. Kitalu kilisimama kama alivyokiacha. Alifungua kufuli alilokuwa amelifunga kabla ya safari ya Kishapu.

Nyanya zote zilikuwa zimekufa. Zilining'inia kwenye kamba zikiwa kahawia, majani yamejikunja kama tumbaku, na matunda madogo yamesinyaa kwenye vikonyo. Udongo ulikuwa umepasuka. Mvua yote ile ilikuwa imepita juu ya paa, ikateremka kando, ikalisha majani ya nje.

Ghati alimwona kutoka kwenye migomba, akaja. Alisimama nje akachungulia.

"Yesu wangu," akasema. "Mimi nilikuwa nasema mvua ni nyingi mwaka huu, nyanya zake zitakuwa zimenona. Hata haikunijia kwamba humu hainyeshi. Na ufunguo ulikuwa nao."

"Hata mimi sikukumbuka."

"Nisamehe, mama Theodora."

"Hukufanya kosa."

Ghati aliendelea kusimama pale. Alitaka kusema neno la faraja, akachagua lile lililokuwa likizungumzwa hata Nyamwaga. "Basi angalau mzee hakufa bure. Upepo ulisukuma ule mlango, na yeye..."

"Haukuwa upepo," Ng'washi akasema.

Akamweleza. Alieleza akiwa amesimama katikati ya mimea iliyokufa, bila kulia, tangu beseni hadi bega. Ghati alisikiliza hadi mwisho, kisha akakaa kwenye kizingiti.

"Na yeye hakujua?"

"Hakujua."

"Ungemwambia?"

"Alikuwa anafurahi," Ng'washi akasema. "Ningemwambiaje?"

Bondeni upepo wa kila siku ulianza kuamka, wakasikia migomba ikichanika. Mbali kule Kewanja gari zito lilikuwa linarudi nyuma, likilialia. Ghati hakumwambia kwamba si kosa lake, wala kwamba Mungu ndiye aliyepanga. Baadaye alivua viatu, akaingia, akashika shina la kwanza, akalivuta. Lilitoka kirahisi, mizizi mikavu ikipukutisha vumbi.

"Haya tunayachoma au tunayatupa?" akauliza.

"Tunayachoma. Yanaweza kuwa na ugonjwa."

Walifanya kazi kila mmoja upande wake, migongo ikigusana kila walipoinama, kwa kuwa hapakuwa na nafasi ya watu wawili. Walipomaliza, tuta lilikuwa tupu na hewa imejaa vumbi lililowakohoza wote wawili. Ng'washi akatoka nje kutafuta ndoo ya maji ya kulowesha tuta. Kisima kilikuwa mbali, na jua lilikuwa bado lipo.